Pale Filamu Inaponyamaza

Bibi yangu amezisikia filamu nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua, na hajaona hata moja. Alikuwa muuza tiketi wa sinema, kibandani, na kati yake na ukumbi kulikuwa na ukuta wa mbao tu. Onyesho likianza, yeye alifumba macho na kutega sikio.

Siku hizi namtafutia filamu za zamani, zile maarufu na zile zilizosahauliwa, tunaziangalia sebuleni. Yaani, mimi naangalia. Yeye bado anafumba macho.

"Bibi, fumbua basi!"

"Niache, mke mwenzangu. Nikifumbua nitapotea."

Jumapili moja nilipata ile aliyoniomba muda mrefu, ya mama aliyegombana na mwanawe mpaka kijana akaondoka nyumbani. Bibi aliijua neno kwa neno. Kilichomkera ni mwisho wake. Kila ilipofika pale, anasema, mashine ilizimika, ukumbi ukawa kimya, naye akasimama mlangoni kuwaomba wateja radhi. Wateja walitoka wanafuta machozi, wakampita bila kumjibu. Akaamini kijana hakurudi, maana hakusikika tena.

Mjomba alikuwepo pia, ameketi kwenye stuli karibu na mlango, anatengeneza soketi. Mjomba ni mwanawe Bibi wa kiume wa pekee. Walikosana nikiwa mdogo, na tangu hapo huja kila Jumapili, hutengeneza kilichoharibika, huondoka. Bibi hana habari naye. "Akija na maneno ya kuomba msamaha nitampokea," husema. "Asiyesema kitu hajaja." Inaniudhi sana, lakini nani atamwambia?

Filamu ikafika mwisho. Kimya.

"Umeona?" akasema Bibi, macho kayafumba. "Mashine imekufa."

"Haijafa! Bibi, nakuomba, fumbua macho."

Akafumbua.

Kijana alikuwa amesimama mlangoni, kalowa chapachapa, kofia mkononi. Mama yake ameshika sindano na nguo, hashoni. Hakuna muziki wala neno. Mwanga wa dirishani ukatambaa ukutani polepole mno, ukamfikia mama usoni, na uso ule ukalegea mbele yetu. Mwili ulinisisimka. Sikujua kwamba picha isiyo na rangi inaweza kumfanya mtu asahau kupumua. Mama akainuka, akaweka glasi ya maji mezani, akavuta kiti. Kijana akaketi. Basi, ikaisha.

Bibi alikuwa ameshika shavu.

"Kumbe alirudi," akasema. "Na mimi nawaomba watu radhi!"

Akanigeukia.

"Irudishe nyuma."

Nikairudisha. Safari hii hakupepesa jicho. Mlangoni, bisibisi ilikuwa imetulia mkononi mwa Mjomba. Naye alikuwa anatazama.

Ilipokwisha, Bibi alijiinua kwa kushika ukingo wa meza. Nikadhani anakwenda kulala. Akaenda jikoni, akarudi na glasi ya maji, akaiweka mezani. Halafu akavuta kiti kilichokuwa kando yake, miguu ya kiti ikakwaruza sakafu.

Mjomba akaweka bisibisi chini, akaja, akaketi.

Mimi ndiye msemaji wa nyumba hii, kila mtu anajua. Siku ile nilifunga mdomo wangu.