Harufu Iliyotundikwa Kwenye Ua

Kila asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia vilima vya Masisi, Théogène alisukuma mlango wa zizi kwa bega, kisha akasimama kizingitini, macho ameyafumba, mpaka machozi yakatike. Zizi lilikuwa refu, la matofali, lenye paa la bati na bila dirisha hata moja. Mwenye shamba alikuwa mzungu ambaye watu walimwita Bwana Tumbako kwa sababu ya kiko chake. Alilijenga mwaka wa 1952, akaliziba kila upande, kwa kuwa aliamini baridi ya milimani inakausha maziwa. Ng'ombe walilala humo juu ya mikojo yao. Mvuke ulipanda, ukagonga bati, ukarudi chini na ukali wake wote.

Théogène alikamua, akazoa mavi, akatandika majani mapya. Jioni aliposhuka nyumbani, harufu ilishuka naye. Alijisugua kwa majivu, akajisugua kwa majani ya limau, lakini ilimng'ang'ania.

Mke wake, Annonciata, alimpenda na hakumficha kitu. Alimwekea chakula nje. Mimba zao za kwanza zilikuwa zimeharibika, na sasa walikuwa na Hélène, mtoto mchanga mwenye nywele nyingi, ambaye baba yake hakuwa amempakata hata mara moja. Kila alipomsogelea, mtoto alikunja uso na kutapika maziwa yote aliyonyonya. Alikuwa ameanza kukonda. Kwa hiyo Théogène alihamia jikoni, akawa analala na mbuzi, ambao hawakulalamika.

Kanisani pia mambo yalikuwa hivyo hivyo. Katekista Athanase aliwaweka wafanyakazi wa zizi nje, chini ya dirisha.

"Muko munasikia vizuri tu toka pale," aliwaambia.

"Na siku ya batizo ya mutoto wangu?" Théogène aliuliza. "Padri anakuya Siku ya Mungu."

"Mama yake atamubeba. Weye utaangalia kwa dirisha."

Kesho yake Théogène na Damascène, mkamuaji wa zamani kuliko wote, walimwendea kapita Nestor, msimamizi wa wafanyakazi, naye akawapeleka barazani kwa Bwana Tumbako. Damascène alivua kofia.

"Bwana, tunaomba utoboe ukuta pale chini ya bati. Matundu tu, hewa ipite. Hata bangombe wanaumia macho."

Bwana Tumbako alitoa kiko mdomoni.

"Mimi nitaangalia," alisema, akakirudisha.

Jioni ile Théogène aliingia mtoni mpaka kiunoni, akajisugua mpaka ngozi ikawaka. Alipofika kwenye kifundo cha mkono, kidole chake kilikwama kwenye kitu kama pindo la shati. Akavuta. Harufu ikaachia mkono, ikaachia bega, akaivulia kichwani. Ilikuwa na rangi ya ganda la mgomba lililolowa, nzito kama blanketi lililonyeshewa. Aliikamua maji. Kwa kuwa ilikuwa mali ya kazi, aliirudisha shambani na kuitundika kwenye ua wa magogo, inzi wakaifuata.

Nyumbani Annonciata alimnusa shingoni, kisha makwapani.

"Umeiacha wapi?"

"Kwa lupango ya muzungu."

"Ni vizuri vile. Uifunge na kamba, upepo isiilete huku."

Akamwekea Hélène mikononi. Théogène alikaa bila kusogea, viwiko vimekakamaa, kama mtu aliyepewa yai kwenye mvua ya mawe. Mtoto alimtazama, akapiga chafya, akamshika kidole. Kisha akageukia titi la mama yake, akanyonya, na maziwa yakabaki tumboni. Annonciata aligeuza uso, akafuta macho kwa kitenge.

"Leo usilale kwa mbuzi," alisema.

Asubuhi Théogène alijaribu kuingia zizini bila ile harufu, lakini ng'ombe hawakumtambua, wakapiga ndoo teke. Ilibidi arudi uani kuivaa. Damascène alimwona akiivaa, akamwuliza pindo liko wapi, akaonyeshwa. Siku chache baadaye wafanyakazi wote walikuwa wanavua harufu zao jioni na kuzitundika pamoja, na kila mmoja aliijua yake, kama mtu anavyolijua jembe lake.

Siku ya Mungu walikaa ndani ya kanisa, kwenye benchi la mbele. Athanase aliwanusa mmoja mmoja, akasogea, akawapa nafasi. Théogène ndiye aliyembeba Hélène mbele ya padri, na maji yalipomwagika mtoto alilia kwa nguvu. Kina mama wakapiga vigelegele, maana alikuwa amepata sauti ya mtoto aliyeshiba.

Habari zilimfikia Bwana Tumbako. Alikwenda kuutazama ua, akazunguka zile harufu, akaigusa moja kwa ncha ya fimbo, akaonekana kuridhika. Akamwita Nestor na wafanyakazi wote.

"Sasa ninyi hamunuki tena. Madirisha ni ya kazi gani?"

Aliagiza seremala apigilie vigingi imara kwenye ua, kila mtu na kigingi chake. Baada ya hapo akaleta ng'ombe wengine kutoka upande wa Ngungu, wakabanwa mle mle. Bati likaanza kutoboka kwa kutu, na matundu yakazibwa kwa lami.

Damascène hakumaliza msimu wa mvua. Alianza kukohoa, na kikohozi hakikuwa na pindo. Walimtafutia kifuani, mgongoni, chini ya ulimi. Walimzika, na kigingi chake akapewa mtu mwingine.

Jioni, Théogène aliposhuka kutoka shambani, Annonciata alimkuta njiani na kumpa mtoto, kama ilivyokuwa desturi yao sasa. Théogène alikaa juu ya mkeka mbele ya nyumba, jua likiwa bado juu ya migomba, akamlaza Hélène kifuani. Kikohozi kilimjia, chembamba, kikavu. Mtoto alipanda na kushuka nacho, mdomo wazi, wala hakuamka.