Fundi wa Uwanja wa Mzee Ombati

Asubuhi ambayo wakwe walitarajiwa Nyansiongo kuleta posa ya Nyanchoka, nyasi za uwanja wa baba yake, mzee Ombati, zilikuwa zimefika magotini. Mwanawe Ochoki alikuja kutoka mjini Kisii na mashine mpya ya petroli ya kukatia nyasi. Aliishusha tu, akaivuta kamba, miguuni kavaa ndara.

"Zima," dada yake mkubwa, Kemuma, alimwambia.

Kemuma alikuwa na mwaka wa tisa akikata nyasi katika shule moja ya bweni, mwanamke peke yake katika kazi ile, na vidole vyake vyote kumi alikuwa navyo. Alimpa nduguye gambuti na miwani ya plastiki, akawapeleka watoto nyuma ya zizi, kisha akaupita uwanja mzima akiokota mawe na vipande vya senyenge.

"Wageni watafika ukiokota mawe," Ochoki alinung'unika.

"Wacha wafike. Jiwe likirushwa na kisu cha mashine hii halichagui mgeni."

Wakaanza. Karibu na migomba nyasi zilikuwa na umande. Mashine ikakwama, ikazimika. Ochoki akaiinamisha, akapeleka mkono chini. Kemuma akaudaka.

"Si imezimika?"

"Imezimika, lakini kisu bado kina nguvu."

Akachomoa waya wa plagi, akatwaa kijiti na kuchokoa. Donge la nyasi lilipoachia, kisu kilijizungusha nusu duara na kukikata kijiti vipande viwili. Ochoki alivitazama vipande vile kwa muda mrefu. Toka hapo, kila alichoambiwa alifanya.

Saa sita wageni waliingia kwenye uwanja uliolainika, kingo zimenyooka. Baba wa bwana harusi akauliza fundi ametolewa wapi.

Miaka yote tisa, mzee Ombati alikuwa akiwaambia watu kwamba bintiye "yuko shuleni," akiishia hapo ili wadhani ni mwalimu. Sasa alisimama, akaegemea mkongojo wake.

"Fundi ni binti yangu, Kemuma. Kukata nyasi ndiyo kazi yake, na hapa Borabu sijaona anayemshinda."

Kemuma alikuwa akiwanawisha wageni mikono. Akainua kichwa, akamwendea mgeni aliyefuata.