Shingo ya Sikujua na Pembe ya Shangazi

Walisema kuna mwanamke wa Magara alichomwa sindano kwenye uvimbe, kule mjini Usumbura, uvimbe ukakasirika, ukatawanyika mwili mzima, akafa. Habari hiyo niliisikia sokoni kwetu Rumonge, nikaisikia msibani, nikawa naisikia hata nikikoroga mawese peke yangu. Maana binti yangu Sikujua alikuwa na uvimbe shingoni, chini ya taya, mgumu kama kokwa ya mchikichi. Na dispensari walikuwa wameniambia: mpeleke Usumbura, watavuta chembe ya uvimbe kwa sindano, waitazame, wajue ni ugonjwa gani.

Ulikuwa mwaka wa uhuru. Wifi yangu Asiya, dada wa mume wangu, alicheka mpaka akakaa chini.

"Wazungu wametupa uhuru, sindano wamebaki nayo! Wifi, utampeleka mutoto akachomwe kama mushikaki?"

Mimi sikucheka. Nikasema, huyo marehemu ana jina na ana nyumba. Nitakwenda kuuliza mwenyewe.

Magara nilimkuta mume wa marehemu, mzee Uledi, anashona wavu.

"Amahoro, baba. Nisamehe. Nasikia mkeo aliuawa na sindano."

Aliacha kushona. "Nani kasema? Sindano haikumugusa! Alipoiona tu alishuka kitandani, akatoka mbio na kanga moja, tukarudi huku. Uvimbe ukabaki, ukakua, ukamumaliza." Akaweka wavu chini. "Ningemushika mukono siku ile. Wewe iko na mutoto? Basi musimamie."

Nilirudi nyumbani mbio. Nikamkuta Sikujua mkekani, shingo imevimba, nyeusi na buluu. Asiya alikuwa amemchanja kwa wembe palepale juu ya uvimbe, akamuumika kwa pembe, akavuta damu. Tena alikuwa amempa aspirini za maumivu.

"Nimekusaidia, wifi," alisema, anaosha pembe yake. "Damu chafu imetoka. Utampeleka kwa daktari na shingo chafu? Hata mgeni tunamufagilia uwanja."

Alifanya kwa upendo, najua. Lakini sikubishana naye. Nikasema tu: "Sikujua, funga nguo zako. Kesho tunapanda lori la samaki."

Hospitali alitupokea masera, mtawa mwenye kazi ya sindano hizo. Akagusa shingo, akakunja uso.

"Nani alifanya hivi?"

Sikujua alinitazama, macho yanasema, mama, usimtaje shangazi. Nilimtaja. Nikasema wembe, pembe, aspirini, vyote.

"Umefanya vizuri kusema," alijibu. "Nikimchoma leo nitavuta damu ya pembe tu, na haitatuambia kitu. Na aspirini inafanya damu isisimame upesi. Mrudi kidonda kikipona."

Kurudi Rumonge nilikataa, maana pembe iko kule. Tulikaa Buyenzi, palepale mjini, kwa mjomba wangu mpaka shingo ikatulia. Watu wa nyumba ile nao walikuwa na maneno yao juu ya sindano. Niliwaambia: semeni, lakini mtoto wangu harudi bila jibu.

Siku ilipofika nilimuuliza masera waziwazi: "Sindano itaeneza ugonjwa?"

"Kwa uvimbe kama huu ni jambo la nadra sana, mama. Kuchelewa ndiko kunakoua. Na nikikosa kitu mara ya kwanza, nitarudia. Usiogope nikirudia."

Alimlaza Sikujua, mto chini ya mabega, akampaka spiriti. "Usimeze mate, usikohoe, usiseme, mpaka nikuambie." Sikujua alishika kidole changu akakiminya, nami nikamwangalia usoni, sikuangalia sindano. Haikuchukua hata muda wa kuchemsha chai. Masera akabana pale kwa pamba, akaniachia nibane mimi.

"Mama, ni kama siafu," Sikujua akasema. "Wembe wa shangazi uliuma zaidi!"

Jibu lilikawia, nami sikulala vizuri. Lilipokuja: kifua kikuu cha tezi. Dawa iko. Alichomwa sindano za dawa miezi mingi, hakukimbia hata moja, na uvimbe ukanywea. Leo ana watoto. Asiya hajaniomba radhi, lakini shingo ya mtu haigusi tena.

Akina mama wenzangu, mkiambiwa sindano ya kupima uvimbe, epukeni haya:

Kuchanja, kuumika, kukanda au kupaka dawa juu ya uvimbe.

Kunywa aspirini bila kuuliza kwanza.

Kumficha muganga wa hospitali dawa alizokunywa mgonjwa, au kwamba hutokwa damu sana.

Kumwacha mgonjwa aingie peke yake.

Kutikisika au kumeza mate sindano ikiwa ndani.

Kukaa nyumbani baada ya sindano pakivimba haraka, pakitoka usaha, damu isiposimama, au homa ikipanda. Rudi siku hiyohiyo.

Kuondoka bila kujua jibu litatoka lini.

Kuamini habari ya marehemu kabla ya kuwauliza waliomzika.