Dawa ya Mgongo

Siku nzima Pasi alinyoosha mashuka ya vitanda vya watu wengine. Yaliingia kwenye chumba cha kufulia cha hoteli yakiwa yamekunjamana, yakatoka yamenyooka, na wenzake hawakuishiwa utani juu ya waliolala humo. "Hawa wako fungate hawa," msimamizi alisema, akiinua shuka lililosokoteka kama kamba. Wanawake wakaangua kicheko. Pasi naye akacheka, maana asingecheka wangemuuliza ana nini.

Jina hilo la Pasi alipewa hapo hapo kazini, likamfuata hadi nyumbani. Halikumkera. Kilichomkera ni kwamba shuka lake mwenyewe, kwa miezi sasa, liliamka limekunjika upande mmoja tu.

Alipojifungua alishonwa. Yeye na mumewe wakasubiri muda walioambiwa, kisha wakajaribu, na maumivu yakamkata kama wembe. Akauma meno, akanyamaza. Mara iliyofuata aliuma meno kabla hajaguswa. Baadaye mwili ukawa unajikaza wenyewe, hata pale alipotaka; na alitaka, hilo ndilo lililomliza. Alimpenda mume wake. Alipenda hata ile harufu ya saruji isiyotoka kwenye nywele zake. Ila mwili wake haukumsikiliza, naye akachoka kuubembeleza.

Mumewe alikuwa fundi vigae. Jioni moja alirudi ameshika kiuno, akasema mgongo umemkamata, godoro linamzidishia, heri alale kwenye mkeka sebuleni. Nani asingemwamini mtu anayeshinda ameinama? Pasi akanunua chupa ya dawa ya kuchua. Tangu hapo, kila mara mtoto alipopitiwa na usingizi, mume alilala kifudifudi, naye akamsugua mgongo mpana ule kutoka mabegani hadi kiunoni, taratibu, wakizungumza habari za kazini. Ndiyo saa pekee waliyogusana. Kisha mume alisema, "Ahsante, mke wangu," akautandika mkeka wake.

Moyoni Pasi alijiambia: amenichoka. Wifi yake, dada wa mumewe, akaja kukoleza.

"Wifi, mwanamume hahami chumba kwa ajili ya mgongo," alisema akikoroga chai. "Kaka yangu naye ni mtu. Kama umepoa, sema tujue. Wanawake wako wengi huko nje."

Umepoa. Neno hilo Pasi alikwenda nalo kazini kesho yake, akaunguza foronya mbili za hoteli.

Aliyemfungua kinywa ni muuguzi wa kliniki ya watoto. Alimaliza kumpima mtoto uzito, akauliza huku akifuta mizani, "Na wewe mama, hujambo?" Pasi alitaka kusema sijambo. Badala yake akalia, akalia mpaka mtoto naye akaanza. Muuguzi akamshika mkono, akampeleka kwa daktari wa wanawake, chumba cha jirani.

Daktari alikuwa mama mtu mzima mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Alisikiliza bila kumkatiza. Alimpima, na Pasi aliposhtuka akaondoa mkono mara moja.

"Hukupoa," alisema. "Kovu la mshono limekakamaa. Unanyonyesha, kwa hiyo kuna ukavu. Na misuli imezoea kuogopa, inajifunga kabla hujaiambia. Yote yanatibika, ila polepole."

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

Daktari akashusha pumzi. "Mkija hapa tunawauliza habari za mtoto. Njoo na mumeo."

Mume alikuja na viatu vya kazi, akakaa ukingoni mwa kiti kama aliyeitwa na mwalimu. Daktari akaeleza: dawa ya kupaka, kilainishi, mazoezi ya kupumua na kulegeza misuli.

"Tendo lenyewe liwekeni kando kwanza," aliendelea. "Gusaneni tu. Leo mmoja, kesho mwenziwe. Mgongo, mikono, miguu. Asidaiwe mtu kitu." Akamgeukia mume. "Utaweza? Mkeo ameniambia mgongo unakusumbua."

Mume aliitazama mikono yake, akachokonoa saruji kwenye ukucha.

"Mgongo wangu hauumi, daktari. Haujawahi kuuma."

Pasi aligeuka kumtazama.

"Nilikuwa namsikia akiuma meno," mume alisema, bado akitazama mikono. "Nikaona bora nihame. Nikisema sababu ni hiyo, atajiona ana kasoro. Nikausingizia mgongo."

Hasira ilimpanda Pasi hadi masikioni. Miezi yote hiyo! Chupa zote hizo! "Ungeniambia!"

"Na wewe je?" mume akauliza kwa upole.

Walirudi nyumbani kwa miguu. Mume alimbeba mtoto mabegani, na Pasi, akifuata nyuma, aliutazama mgongo ule mzima kabisa. Alitamani kuupiga ngumi. Alitamani pia kuuegemea, alivyochoka.

Jioni, kwa mazoea, aliishika chupa, kisha akabaki amesimama nayo kama mgeni. Chumbani mume alikuwa ametandika kitanda kwa shuka alilolianua kambani, makunyanzi yake yote yakiwa vile vile.

"Leo lala wewe," alisema.

"Mimi mgongo hauniumi."

"Najua. Hata wangu."

Pasi akalala kifudifudi. Mikono ya fundi ilikuwa mikavu, yenye sugu, nayo ilikuwa na woga. Ilipomgusa, mwili ukajikaza, kama alivyojua utajikaza. Mikono ikasimama.

"Niache?"

Alifikiri. Hakuwahi kuulizwa, wala yeye hakuwahi kujiuliza. "Usiache. Baki hapo hapo juu."

Mikono ikabaki juu, ikazunguka polepole, ikafika chini ya bega la kulia, bega la kushikia pasi. Pasi akavuta pumzi ndefu.

"Hapo," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza. "Hapo panauma."