Sauti Kabatini

Mwanamke aliinama juu ya meza ya kioo, akaziba sikio moja kwa kidole, na lile jingine akalilaza juu ya kompyuta ya kupakata kama mkunga anayesikiliza mimba. Wateja wengine dukani waligeuka kumtazama. Muuzaji, mwanamume wa makamo mwenye tai iliyolegea, alingoja kwa adabu mpaka adabu ikamwishia.

"Mama, hiyo haina moyo. Hata ukiisikiliza mpaka kesho haitapiga."

"Ina feni," alijibu bila kuinua kichwa. "Nataka kujua inapumuaje ikichoka. Hebu ifungulie mambo mengi kwa pamoja."

Muuzaji akafungua. Feni ikaamka, ikatoa mvumo mwembamba kama mchanga unaomwagwa juu ya mkeka. Mwanamke akatikisa kichwa kwa kuridhika nusunusu. Zile za bei ya chini alikuwa amekwisha kuzipita. Zilinguruma kama mashine ya kusaga kabla hata hazijapewa kazi. Za bei ya juu, zilizotengwa chini ya taa zao kama maharusi, hakuzisogelea, kwani alijua mkono wake unafika wapi. Hii ilikuwa ya katikati. Alifumba macho akaandika sentensi nzima, kupima kama vidole vitapata herufi bila kubabaika. Aliishika kwa pembe moja akaining'iniza kidogo, asikie kama italia. Haikulia.

"Unaitaka kwa kazi au kwa burudani?"

"Kazi yangu ni burudani ya watu."

Muuzaji hakuelewa, lakini alicheka, kisha akafungua tamthilia ili amwonyeshe kioo na spika. Malkia aliyevaa nyeusi alimgeukia kaka yake aliyempokonya ufalme, akasema kwa sauti nzito iliyonyooka: "Umekalia kiti changu. Kalia vizuri, maana nitakuja kukuinua mbele ya watu."

"Nyumbani kwangu, hii ikianza, hata mtoto halii," alisema muuzaji. "Sauti hiyo ni ya yule dada aliyepewa tuzo. Mzuri wa sura, na koo kama lile! Kuna watu wamejaliwa kila kitu."

Mwanamke aliifunga kompyuta taratibu. Sauti ile ilikuwa yake.

"Nitaichukua," alisema.

"Ijaribu juma zima. Ikikukera, irudishe."

Tangu shuleni walimwita Kinanda, na jina la kuzaliwa likasahaulika. Studio ya shemeji yake ilipoanza kuingiza Kiswahili katika tamthilia za kigeni, yeye ndiye aliyesema maneno ya wanawake wote: malkia, kijakazi, mama mkwe, hata kikongwe kisicho na meno. Kwenye mabango ikawekwa picha ya mdogo wake, mke wa shemeji, kwa kuwa mwenye studio aliona uso unauza kuliko koo. Mwanzoni Kinanda alicheka na kuridhia. Uso wa mdogo wake ulikuwa fahari ya nyumba nzima. Kisha uso ule ukaanza kuhojiwa. Ukaanza kulalamika kwamba koo linauma kwa kazi nyingi. Mwishowe ukapanda jukwaani kupokea tuzo, ukamshukuru Mungu, mume na mpambaji. Kinanda aliyaona hayo akiwa saluni, nywele zimefungwa taulo. Wanawake waliomzunguka walipiga makofi, naye akapiga.

Kesho yake shemeji alimwomba awe anaingilia mlango wa nyuma. "Mashabiki wasije wakachanganyikiwa, shemeji. Unaelewa mambo ya biashara." Kinanda aliuelewa mlango wa nyuma, akatokea huohuo, asirudi tena. Sehemu ya mwisho ya tamthilia ikabaki bubu.

Chumbani kwake alitoa viatu kabatini, akaingia, akaketi katikati ya magauni yanayomeza mwangwi. Huko ndiko alikoijaribu kompyuta kwa kujirekodi maneno ya malkia, akingoja siku watakayomhitaji. Aliisoma kama mtu anavyosoma silaha kabla ya vita: ikae wapi isivume, ipate moto baada ya kazi gani, itulie baada ya pumzi ngapi. Alijifunza kunyamaza feni inapoamka, na kuanza tena inapolala. Kila usemi aliourekodi aliuelekeza kwa mtu mmoja. Malkia alipolaani, Kinanda aliona jukwaa, tuzo, na meno meupe ya mdogo wake.

Muuzaji alipopiga simu kuuliza habari, alimjibu kama fundi. "Betri inavumilia. Kioo kinaonyesha mpaka vinyweleo. Spika zimekonda kidogo, na ukiipakata inakuunguza mapaja."

"Na burudani?"

Kinanda aliitupia jicho kompyuta. Jana yake, kwa kuijaribu tu, alifungua filamu ya vichekesho ya lugha asiyoijua, akajikuta amecheka peke yake mpaka machozi yakamtoka. Ghafla alikumbuka walivyokuwa watoto, wakiitazama televisheni ya jirani dirishani, sauti haiwafikii, naye akimbunia mdogo wake maneno ya kila mtu. Aliifunga filamu hapohapo, kama aliyefumaniwa.

"Burudani sijaipima," alisema.

Mdogo wake alikuja alasiri, amejifunga mtandio mpaka puani watu wasimtambue. Nje gari la mumewe lilinguruma bila kuzimwa.

"Shikamoo, dada."

Kinanda aliipokea kwa kichwa tu.

"Televisheni wamenialika. Wanataka niseme maneno ya mwisho ya malkia, moja kwa moja, mbele ya watu." Alisimama, kama mgeni ambaye hajakaribishwa kiti. "Mume wangu ameshapatana na mafundi wa mitambo. Nikipata sauti, wao wataicheza, mimi nitafuata kwa midomo. Amesema nikuombe. Mimi mwenyewe ningesema naumwa."

"Kwa nini usiseme?"

"Nimeshaumwa mara nyingi mno, dada. Haniamini tena."

Honi ikalia. Mdogo wake alishtuka mabega. Kinanda aliliona hilo, akakataa kuliona. Alikuwa amengoja mlango ufunguke, na sasa mlango umemjia na miguu yake.

"Njoo kesho," alisema. "Utapata."

Alirekodi asubuhi, mitaa ikiwa bado imetulia. Malkia alitoa maneno yake ya mwisho vizuri kuliko maisha yake yote. Baada yake Kinanda aliacha ukimya mrefu, kiasi cha mtu yeyote kudhani kwamba yamekwisha na kuzima. Ndipo akaongeza: "Mwenye sauti hii ni mimi. Naitwa Kinanda. Mnayemtazama ni mdogo wangu, na midomo yake haijatoa hata neno moja kati ya yale mliyoyapenda."

Alipoyasikiliza, hakukuwa na feni wala mwangwi. Yalikuwa safi kama wembe mpya. Mdogo wake aliporudi, akamkabidhi flashi yenye rekodi mlangoni.

"Fanya mazoezi," alimwambia.

"Nitayasikiliza mpaka mwisho," alijibu mdogo wake, akajifunga mtandio.

Siku ya kipindi Kinanda aliweka kompyuta juu ya kitanda, akaketi mbele yake mikono imekumbatia magoti. Mdogo wake alitokea katika gauni jeusi la malkia. Taa zikapungua. Sauti ikaanza, na midomo ikaifuata bila kuteleza. Watu wakashika mashavu yao. Maneno ya malkia yakafika ukingoni, ukimya ukaingia, na mtangazaji akanyanyua mikono apige makofi.

Mdogo wake akainua kiganja, akamzuia.

Kinanda aliachia magoti yake. Sauti ikarudi: "Mwenye sauti hii ni mimi." Midomo ikaifuata. "Naitwa Kinanda." Ikaifuata, herufi kwa herufi, kama kitu kilichokaririwa mbele ya kioo kwa siku nyingi. Nyuma ya kamera mtu alipaza sauti, huenda ni shemeji. Mdogo wake hakugeuka. Alimaliza sentensi yote, mpaka "mliyoyapenda," na sauti ikakatika pale Kinanda alipoikata.

Lakini midomo haikusimama. Ilisema neno moja zaidi, bila sauti, neno ambalo hakuna aliyelirekodi.

Simu ilianza kulia pale kitandani: shemeji, kisha namba asizozijua, kisha shemeji tena. Kinanda aliigeuza kifudifudi. Alingoja kipindi kiwekwe mtandaoni, akakirudisha nyuma, akapunguza mwendo. Maisha yake yote alikuwa ametafuta maneno ya kuingia katika vinywa vya watu wasiomjua. Hiki alikijua tangu hakina meno. Mkono wa mtangazaji, ukikimbilia kipaza sauti, ulipita mbele ya uso na kufunika mwanzo wa neno. Kilichobaki kilikuwa wazi, kioo kile kizuri hakikuficha kitu: *kusamehe*.

Alijaribu "Nakusamehe," akalitamka taratibu pamoja na midomo ile. Likaingia. Akarudisha nyuma, akajaribu "Sikusamehe." Nalo likaingia, halikuzidi wala kupungua. Akarudisha tena, akausogeza uso karibu zaidi, akiusubiri mkono ule upite.