Masikio ya Bibie

Mapengo na Ngongoti walikuwa wachekeshaji, na kazi yao ya kila wiki ilikuwa kupiga soga mbele ya vinasa sauti mpaka watu waliowasikiliza kwenye simu zao wavunjike mbavu. Walirekodia nyumbani kwa Ngongoti, kwenye stoo iliyozungushiwa magodoro ukutani ili kelele za nje zisiingie. Joto la humo ndani, we acha tu! Lakini wageni hawakushangaa joto. Walishangaa kuona marafiki wawili walioshibana vile wanazungumza wakiwa wamepeana migongo.

Ndiyo, migongo. Mapengo alizaliwa na uso wa kuchekesha: nyusi zinazopanda na kushuka zenyewe, midomo inayovutika kama mpira, na hilo pengo la mbele lililompa jina. Akikutazama tu umeshacheka, hata hajasema kitu. Sasa msikilizaji wa kwenye simu anauona wapi huo uso? Ndipo Ngongoti, mrefu yule, mtu wa kusomasoma, akageuza viti. Utani ukimchekesha mtu aliyekupa kisogo, alisema, huo ni utani. Usipomchekesha, ujue ni sura tu iliyokuwa ikikubeba.

Asubuhi hiyo walianza na maisha, kama kawaida yao.

"Mimi siku hizi nikiamka naangalia simu kwanza," alisema Mapengo. "Nikimaliza ndiyo naangalia kama mke wangu bado yumo kitandani."

"Afadhali wewe. Yangu inaniuliza kila jioni kama nimetembea vya kutosha. Mama yangu mzazi hajawahi kuniuliza hilo!"

"Na hizi mashine zinazotunga vichekesho? Mwenzako silali nikiziwaza. Na nisipolala, simu inaniamsha kuniambia sijalala."

Walicheka mpaka viti vikagongana. Kisha ikafika zamu ya jambo la ajabu. Kila wiki mmoja wao alileta jambo moja la sayansi ambalo mwenzake hakulijua, na mwenzake alitakiwa alitanie papo hapo, bila kusimamisha mashine ya kurekodia, hata kama amepigwa na butwaa. Wiki hiyo zamu ilikuwa ya Ngongoti.

"Sikio lako linatoa sauti," alisema.

"Linasemaje? Limechoka kukusikiliza?"

"Mimi sikutanii, bwana. Ndani kabisa ya sikio kuna vinyweleo vidogo, macho hayavioni. Sauti ikiingia, vinacheza. Na vikicheza, sikio lenyewe linatoa mlio, hafifu mno, unarudi nje. Kuna vinasa sauti vinavyoweza kuunasa. Yaani nikikuita, kabla mdomo wako haujaitika, sikio limeshaitika."

Mapengo alijikuta ameshika sikio lake, kama mtu aliyeambiwa kuna mgeni ndani. Lo! Miaka yote hiyo ya kelele na makofi, kumbe huko ndani kulikuwa na kitu kinamjibu kila mtu, na mwenyewe hana habari. Alisisimka mwili mzima.

"Ndivyo wanavyowapima watoto wachanga," Ngongoti aliendelea. "Mtoto hawezi kusema nasikia au sisikii. Basi wanaliuliza sikio lenyewe."

"Wangu hana haja!" Mapengo alidakia. "Mama mkwe wangu kaning'ang'ania, eti sufuria lilianguka na mtoto hakushtuka. Ashtuke nini? Mtoto wa mchekeshaji huyo, makelele kayazoea tumboni! Nikimtania anacheka mpaka anapaliwa. Asiyesikia atachekaje?"

Alisubiri kicheko cha Ngongoti nyuma yake. Hakikuja.

"Ndugu yangu," Ngongoti alisema, sasa kwa sauti ya chini, "umewahi kumtania akiwa amekupa kisogo?"

Mapengo aligeuka kumtazama. Ngongoti, ambaye hajawahi kukatiza soga hata siku umeme ulipokatika, alinyoosha mkono wake mrefu akazima mashine.

Mapengo alikwenda nyumbani kwa miguu, haraka, bila kumsalimia mtu. Mke wake alikuwa fundi wa kushona, na cherehani yake ilikaa sebuleni karibu na dirisha, naye alikuwa akishona. Bibie, hivyo ndivyo walivyomwita binti yao, alikuwa ameegemezwa mito mkekani, kaupa mlango mgongo, anatafuna kipande cha kitambaa. Mapengo alivua viatu akanyata mpaka nyuma yake. Akachuchumaa.

Alimwita. Akamwambia kile kisa cha mbuzi aliyeingia saluni, ambacho kila siku kilimliza mtoto kwa kucheka. Akaigiza sauti ya mbuzi. Akapiga makofi. Bibie aliendelea kutafuna kitambaa chake na kutazama vidole vya miguu, ametulia tuli, hana shida na mtu.

Cherehani ikanyamaza. Mapengo alizunguka mbele, na Bibie alipomwona tu, hata hajatamka neno, alitupa kitambaa, akarusha miguu na kucheka. Baba yake aliangua kilio.

"Leo ndiyo umeamini?" mke wake alisema. Alikuwa na hasira, na alikuwa na haki ya kuwa nayo. "Mimi na mama tumesema mpaka midomo imekauka. Wewe ukatia pamba masikioni. Eti anacheka! Ulidhani kicheko ni cheti cha daktari?"

"Nilidhani ananisikia, mama watoto. Nilidhani visa vyangu anavielewa."

"Ana miezi mitano. Angevielewaje?"

Mchekeshaji, akishachekewa, haulizi tena, anaamini mambo yote yako sawa. Huo ndio ugonjwa wao, nao hauna dawa.

Kesho yake walikwenda kupima. Ngongoti aliwasindikiza, akajikunja kwenye kiti cha pembeni magoti yakimfika kifuani. Mpimaji wa masikio, mama mfupi mwenye mikono ya taratibu, alisubiri Bibie anyonye na kulala mapajani mwa mama yake. Kisha akamwekea kiziba laini sikioni, akabonyeza mashine. Chumba kilikuwa kimya kiasi kwamba Mapengo alisikia tumbo la Ngongoti likinguruma, na kwa mara ya kwanza maishani hakulitania. Alikuwa akimwomba Mungu. Jibu basi, mwanangu. Kidogo tu. Itika.

Mpimaji alibadilisha kiziba. Akarudia. Akahamia sikio la pili, akarudia tena.

"Hayajajibu," alisema.

"Labda yamelala naye," Mapengo alisema, na safari hii hakuwa akitania.

"Sikio halilali, baba." Mama yule alimtazama kwa huruma. "Kuna kipimo kingine kikubwa, tutakifanya. Na misaada ipo, tena mingi, msikate tamaa. Lakini sitawaficha. Nadhani binti yenu hasikii."

Mke wa Mapengo alimkumbatia mtoto. Mapengo alisimama katikati ya chumba, mikono inamning'inia. Yeye aliyeishi kwa mdomo, leo mdomo haukumfaa kwa lolote. Machozi yalimtoka, na nyusi, kwa ule ukaidi wao, zikaanza kupanda na kushuka.

Bibie alifumbua macho. Akawatafuta watu, mmoja mmoja, akamwona baba yake. Akacheka.

Hakikuwa kicheko cha kunong'ona. Kilijaa chumba kile kisichopitisha sauti, kikapanda, kikakatika kwa kwikwi, kikaanza upya. Mapengo aliganda. Alikuwa amekisikia mara ngapi? Sasa ndiyo kwanza alikisikia.

"Mama," alimwuliza mpimaji kwa sauti ndogo, "huyu mtoto kicheko amekisikia wapi?"

"Hajakisikia popote."

"Sasa nani kamfundisha?"

"Hakuna aliyemfundisha. Hata wasiosikia kabisa hucheka. Wanakuja nacho."

Mapengo aliketi chini, sakafuni hapohapo. Siku zote alijiona yeye ndiye anayewapa watu vicheko, kama mtu anayegawa peremende. Kumbe kicheko kilikuwa kimeshafika, kimekaa ndani ya kiumbe huyu mdogo tangu tumboni, kizima, na mwenyewe hajawahi kukisikia hata mara moja! Ngongoti, mwenye neno kwa kila jambo, alikuwa kafunika mdomo kwa kiganja, anamtazama Bibie bila kupepesa.

Mke wa Mapengo alishuka kitini, akakaa sakafuni kando ya mumewe, mtoto bado mikononi.

"Mimi humwimbia," alisema. "Kila siku, nikimbembeleza, humwimbia." Akamgeukia mumewe, akazitazama nyusi zake. "Nifundishe huo uso."