Bega la Kulia Liko Chini

Darasa letu lilikuwa na wanafunzi arobaini na mmoja, na mwalimu akasema tufanye kazi wawili wawili. Hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea anaiweza. Baada ya dakika tano wote walikuwa wamegeuza viti wanatazamana, mimi natazama ubao. Mwalimu aliniuliza kama ningependa kujiunga na wawili waliokaa dirishani. Nikawatazama, nao wakatazama nje. Nikasema nitafanya peke yangu, tena nikasema kwa kiburi, kana kwamba ndivyo nilivyopanga tangu asubuhi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi: utafute programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake umewekwa wazi mtandaoni na yeyote anaweza kuusoma na kuurekebisha, kisha upeleke marekebisho yako, na wenye programu wayakubali kabla ya Ijumaa ya mwisho ya muhula. Yasipokubaliwa, unarudia somo mwakani. Wenzangu ni wajanja. Walitafuta makosa madogo kwenye maelezo ya matumizi, wakaongeza nukta hapa, herufi pale, na kesho yake wamekubaliwa na wameshapiga picha. Mimi si mjanja, mimi ni mbishi. Nilichagua programu ya mafundi cherehani: unaingiza vipimo vya mteja, nayo inakuchorea vipande vya nguo vya kukata.

Mama yangu alikuwa fundi cherehani. Alifariki mwezi wa pili. Nikaenda kuzika, nikarudi baada ya siku nne kwa sababu ya mtihani, na hapa hosteli sikumwambia mtu. Si kwamba nilificha. Hakuna aliyeuliza, na mimi si wa kumwanzia mtu habari za msiba akiwa anapiga mswaki.

Ila tangu hapo kuna jambo lililonikera kila nilipovaa. Bega langu la kulia liko chini kuliko la kushoto. Mgongo ulijipinda nilipokuwa na miaka kumi na mmoja. Hauniumi, lakini nguo ya dukani huning'inia upande mmoja kama pazia lililokosa pete. Mama alikuwa ananikatia vipande viwili visivyolingana, na akishaviunga nasimama sawa na watu wengine. Vipimo hivyo hakuviandika popote. Vilikuwa mikononi mwake, na mikono hiyo tumeizika.

Programu ile ilikuwa na nafasi moja tu ya kuandika kipimo cha bega. Moja. Ukishaandika, inachora upande mmoja na kuugeuza kama kwenye kioo, basi, imemaliza. Nilipoona hivyo nilikasirika kweli, kana kwamba mtu ameniambia usoni kwamba watu kama mimi hatuvai nguo. Nikakaa nayo wiki tatu. Niliharibu, nikarekebisha, nikaharibu tena, mpaka nafasi zikawa mbili, kushoto na kulia, na mchoro ukazifuata. Nikatuma. Kwenye maelezo niliandika kwamba baadhi ya wateja wana mabega yasiyolingana. Wateja! Sina mteja hata wa kumshonea kifungo.

Dakika ileile nikajibiwa: karibu sana, asante kwa mchango wako wa kwanza. Nilifurahi hadi nikasimama. Nikajibu kwa adabu zote, nikasalimu, nikauliza habari za kazi, nikaeleza mimi ni nani na niko mwaka wa ngapi. Kimya. Siku mbili baadaye ndipo nikagundua kwamba aliyenikaribisha ni roboti, programu ndogo inayomwambia kila mgeni maneno yaleyale. Nilikuwa nimeipigia mashine magoti. Nilicheka peke yangu, na kicheko cha mtu mmoja chumbani hakinogi.

Wiki mbili zikapita, roboti ikarudi kusema ombi langu la marekebisho halijaguswa, na likikaa hivyo siku saba zaidi litafungwa. Nikaandika kwamba bado nasubiri. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu marefu kwa wiki hizo. Kantini nilikuwa naagiza chakula kwa kuonyesha kidole. Kuna siku nilitoa sauti kumwomba mtu anipishe ngazini, ikatoka imekwaruza kama kitasa cha nyumba iliyohamwa.

Jumapili ya kabla ya Ijumaa ile, saa nane mchana, mtu akaandika. Nilijua ni mtu kwa sababu hakunikaribisha. Alikuwa msimamizi wa programu, na alisema msimbo wangu ni safi, lakini mifano yao yote ni ya miili ya kubuni na wamechoka kuongeza vitu visivyohitajiwa na mtu. Mwishoni akauliza: "Huyu mteja wako yupo kweli? Kama yupo, tuletee vipimo vyake."

Kipimo chenyewe si kigumu. Unafunga kamba kiunoni, unapima kutoka ncha ya bega kushuka mgongoni hadi kwenye kamba, kushoto halafu kulia. Tatizo ni kwamba huwezi kujipima. Ukiinua mkono kushika futi ya kupimia, bega linapanda nao. Nilijaribu mbele ya kioo. Nilijaribu kubandika futi ukutani nikaiegemea. Nilipata majibu matatu, na moja lilisema bega la chini ni la kushoto. Ningeweza kubuni namba, nani angejua? Lakini nguo iliyokatwa kwa uongo humuumbua fundi siku ya kuvaliwa.

Chumba cha jirani alikaa msichana niliyempachika jina la Spika, kwa sababu simu zake zote nilizisikia ukutani, mpaka mambo ya shangazi yake na mwenye nyumba. Hatukuwa tunasalimiana tangu tulipogombania ndoo bafuni, yeye kaniita mwenye roho mbaya na mimi nikamwita mengine. Nilisimama mlangoni kwake muda mrefu, kamba kiunoni na futi mkononi. Kisha nikapiga moyo konde, nikabisha hodi.

Alifungua, simu sikioni. Aliiangalia futi, akamwambia wa kwenye simu kwamba atampigia. Nilimweleza kwa haraka, nikitazama miguu yake, kisha nikageuka nikavua sweta na kubaki na fulana. Mgongo wangu ulikuwa umeonwa na mama na daktari tu. Nilisubiri pole au kicheko, na vyote viwili nilikuwa nimeviandalia jibu.

Aliuliza tu aanzie wapi.

"Hapo kwenye ncha ya mfupa," nikasema. "Shuka mpaka kwenye kamba. Usivute."

Kushoto, arobaini na moja na nusu. Kulia, thelathini na nane na nusu. Vidole vyake vilikuwa na joto, na ghafla nikajua kwamba tangu watu waliponishika mkono makaburini hakuna aliyenigusa.

"Huwa anakupima nani?" aliuliza.

"Mama."

"Sasa si ungengoja likizo akupime mwenyewe?"

"Amekufa. Mwezi wa pili."

Futi ilitulia mgongoni. Nilimsikia akihesabu siku, si sentimita.

"Siku ile ya ndoo?" akasema.

"Nilikuwa nimetoka kuzika juzi yake."

Spika, ambaye ukuta wenyewe unamjua, alinyamaza mpaka nikasikia bomba likidondosha maji kule bafuni. Nilidhani ataniomba msamaha, na sikutaka, maana ningemwaga yote pale sakafuni kwa mtu nisiyemjua hata jina la baba.

"Umetikisika," alisema mwishowe. "Simama wima tupime upya."

Sikuwa nimetikisika, ni mkono wake. Tulipima mara tatu, na mara zote namba zilikuwa zilezile. Nilipovaa sweta aliniambia mficha uchi hazai, nisikae tena na jambo kama hilo peke yangu. Nikasema sawa. Nikarudi chumbani, na kidogo kidogo sauti yake ikaanza tena ukutani, safari hii chini chini.

Nilimwandikia msimamizi: "Yupo. Ni mimi." Nikaweka namba zote mbili mahali ambapo dunia nzima inaweza kuzisoma. Kisha nikafunga kompyuta haraka, kama mtu aliyeacha mlango wa bafu wazi.

Jumanne akajibu kwamba amejaribu vipimo vyangu, mchoro umekaa sawasawa, na atayakubali marekebisho. Akauliza ni nani aliyenifundisha kukata hivyo, kwa sababu kwao kila aliyechangia huandikwa. Nikamwambia ni mama, na kwamba hayupo tena. Akasema aandikwe. Ili kuandikwa unahitaji jina na barua pepe, na mama hakuwahi kuwa na barua pepe. Angeuliza inatumia uzi namba ngapi. Nikamfungulia moja kwenye simu yangu, nikamtumia msimamizi pamoja na majina yake.

Alhamisi asubuhi nilikuwa kwenye foleni ya bafu, simu ikatetemeka mara mbili. Zilikuwa barua za roboti. Ya kwanza ilikuwa yangu: marekebisho yamekubaliwa. Siku moja kabla ya Ijumaa, somo nimelifaulu. Niliangalia huku na huku nimwambie nani.

Ya pili ilikuwa ya mama. Roboti haikuambiwa lolote. Ilimwita kwa majina yake yote matatu, ikampongeza kwa mchango wake wa kwanza, ikasema kazi yake ni nzuri na kwamba inatumaini atarudi hivi karibuni. Nililia palepale, kwa sauti, jambo ambalo hata makaburini sikulifanya, na wale wa mbele yangu wakasogea pembeni wakanipisha niingie kuoga.